Ushahidi Kwanza, Spea Baadaye: Mhadhara Kuhusu Gari Linalopiga Starta Bila Kuwaka

 

Niliombwa nizungumze juu ya ufundi wa magari. Uwanja huo ni mpana, na saa moja haiutoshi. Kwa hiyo nimechagua tatizo moja ambalo kila mtu humu ndani amewahi kulisikia, iwe kwa kichwa kilichoinama ndani ya boneti au akiwa nyuma ya usukani: unageuza ufunguo, starta inapiga, injini inazunguka, lakini haishiki. Unarudia, inazunguka tena, haishiki.

Shabaha yangu ni hii. Nataka kuonyesha kwamba tatizo hilo lina sababu zinazoweza kupangwa kwa utaratibu, kwamba kipimo kizuri kimoja hufuta sababu nyingi kwa mara moja, na kwamba fundi hana haki ya kukihukumu kipuri kabla hajakipima. Nitakwenda kwa hoja saba, kisha nitaeleza ninachokitaka kwa siku zijazo.

Hoja ya kwanza: starta inayozunguka imekwisha kutupa taarifa

Tutenganishe kwanza malalamiko mawili ambayo wateja huyachanganya. Mteja anapopiga simu na kusema "gari haliwaki", huenda ana maana kwamba akigeuza ufunguo anasikia "tak" moja, kisha kimya. Huo ni ugomvi wa betri, vichwa vya betri, kebo ya ethi, starta au swichi. Wa kwetu leo ni ugomvi mwingine. Swali la kwanza la fundi kwenye simu liwe hili: "Starta inazungusha injini, au haizungushi?" Jibu lake linaokoa safari nzima ya kubeba betri isiyohitajika.

Starta ikizungusha, sikilizeni inazungusha vipi. Injini ya petroli ya gari dogo huzungushwa na starta kwa kasi ya takriban mizunguko 200 hadi 250 kwa dakika, na mlio wake una mapigo: unalemea kidogo, unaachia, unalemea, unaachia. Kila kulemea ni pistoni moja inayogandamiza hewa. Mapigo hayo yakiwa sawa, mna dalili nzuri kwamba silinda zote zinagandamiza. Mlio ukiwa mzito na wa kuvuta, tazameni betri. Mlio ukiwa mwepesi, wa haraka, usio na mapigo, kama mota inayozunguka bila mzigo, shukuni mkanda wa taimingi uliokatika au injini iliyopoteza kompresheni. Hapo hakuna haja ya kuanza na plagi.

Wazee wetu waliowasha Land Rover za zamani kwa hendeli waliyajua haya kwa kiganja. Charles Kettering alitengeneza starta ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, na tangu hapo mkono wa fundi umepumzika. Lakini taarifa iliyokuwa ikipita mkononi bado ipo, na sasa inapita sikioni. Wanafunzi, jizoezeni kusikiliza magari mazima yanapowashwa asubuhi, ili siku mkikutana na bovu mjue tofauti.

Betri nayo ipimwe kwa multimita, kwani taa kuwaka hakuthibitishi kitu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji. Kipimo chenye maana zaidi ni kile cha wakati starta inapiga: volti zikianguka chini ya 9.6, betri au viunganishi vyake havifai. Betri dhaifu inaweza kuizungusha injini na bado ikamnyima umeme yule anayeamua moto na mafuta, yaani kontroli boksi. Ndiyo maana injini inaweza kuzunguka vizuri kiasi na isiwake, na kosa likawa betri.

Hoja ya pili: madai ya injini ni machache

Tangu Nikolaus Otto alipokamilisha injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, injini ya petroli haijabadilisha madai yake. Inadai mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa uwiano unaofaa. Inadai mgandamizo. Inadai moto wa plagi. Na inadai vyote hivyo vifike kwa wakati wake. Uwiano unaotumika kama kipimo cha kawaida ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, ingawa injini ya baridi huhitaji mafuta mengi zaidi ya hapo wakati wa kuwashwa.

Fikirini kasi ya jambo hili. Injini ya silinda nne inayozungushwa kwa mizunguko 200 kwa dakika inahitaji moto mara 400 katika dakika hiyo, karibu mara saba kila sekunde. Starta ikipiga sekunde tano tu, injini imepata nafasi zaidi ya thelathini za kuwaka, na zote imezikataa. Kukataa mara thelathini mfululizo hakuwezi kuitwa bahati mbaya. Kuna dai mojawapo ambalo halikutimizwa, na kazi yetu ni kujua ni lipi.

Nasisitiza kwamba madai ni machache kwa sababu mafundi wengi vijana huliona gari la kisasa kama msitu wa nyaya na sensa, na kukata tamaa. Sensa zinaweza kuwa nyingi, lakini zote zinatumikia madai hayo machache. Ukishajua ni dai lipi halijatimizwa, msitu unapungua sana.

Hoja ya tatu: uliza na tazama kabla ya kufungua kisanduku cha spana

Dakika mbili za maswali zina thamani kubwa. Gari lilizimika ghafla barabarani au liligoma asubuhi? Mara ya mwisho lilijazwa mafuta wapi? Limeoshwa injini? Kuna fundi aliyeligusa jana? Ufunguo huu ni ule wa siku zote?

Swali la mwisho lina uzito katika miji yetu. Magari mengi yaliyotoka Japani na Ulaya yana chipu ndogo ndani ya kichwa cha ufunguo. Mchonga funguo wa kando ya barabara anaweza kuiga meno ya ufunguo kikamilifu, ukageuka, na starta ikapiga. Lakini kontroli boksi isipoitambua chipu hukataa kutoa moto na mafuta. Kwa hiyo tazameni taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta wakati swichi iko wazi, jaribuni ufunguo wa asili kabla ya kufungua kitu chochote.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo kitabu cha mtengenezaji hakikulitaja, kwa kuwa halikuwamo wakati gari lilipotoka kiwandani. Ni alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa hapa. Vingi vina rilei iliyokatiza waya wa pampu ya mafuta au wa moto, ili gari lizimwe kwa mbali likiibiwa. Waya umekatwa, umesokotwa, umezungushiwa utepe, ukafichwa chini ya dashibodi. Baada ya miaka michache ya joto na mtikisiko, kiungo kile kinalegea. Fundi anayepima gari la namna hii aulize: "Limefungwa kifaa gani, na na nani?" Katika baadhi ya magari ya Ford na Land Rover ipo pia swichi ya kiwandani inayokata pampu gari likigongwa. Shimo baya la barabarani linaweza kuiamsha, na kibonyezo kimoja kikairudisha.

Kisha kuna taa ya cheki injini. Hili naomba wanafunzi mlipigie mstari. Madereva huiogopa ikiwaka safarini, nao wana haki. Lakini unapofungua swichi kabla ya kupiga starta, taa hiyo inapaswa kuwaka. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, basi kontroli boksi pengine haina umeme, na sababu inaweza kuwa fyuzi moja au rilei yake kuu. Katika Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa herufi tatu, EFI, kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti. Kuna magari yamefunguliwa tenki na kubadilishwa pampu ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye fyuzi ambayo ingeonekana kwa macho.

Hoja ya nne: gawa sababu, usizifukuze moja moja

Hapa ndipo kiini cha mhadhara wangu kilipo. Baada ya kusikiliza, kuuliza na kutazama, vipimo viwili vinagawa uwanja mzima: je, moto upo, na je, mafuta yapo?

Moto upimwe kwa usalama. Koili za leo hutoa volti makumi ya maelfu. Chomoa koili moja, chomeka kipimia moto au plagi nzima ndani yake, funga mwili wa chuma wa plagi kwenye injini kwa waya imara wa ethi, na chomoa soketi za nozeli ili petroli isinyunyizwe karibu na cheche. Ule mtindo wa kuishika plagi mkononi kwa koleo na kuisogeza mbali na chuma uachwe. Unaweza kumrusha fundi, na unaweza kuua sehemu za kielektroniki ndani ya koili iliyokuwa nzima.

Mafuta yapimwe kwa hatua mbili. Ya kwanza ni presha. Injini ya 1NZ-FE, ambayo mnaikuta kwenye Toyota IST, Probox na Corolla nyingi za barabara zetu, inadai presha ya kilopaskali 304 hadi 343, sawa na psi 44 hadi 50. Mafuta kutoka tu kwenye bomba hakutoshi, kwa kuwa pampu iliyochoka hutoa mafuta bila nguvu. Hatua ya pili ni amri ya nozeli: chomoa soketi ya nozeli, chomeka taa ndogo ya majaribio, piga starta. Taa ikimetameta, kontroli boksi inaamuru nozeli zifunguke.

Sasa tuyasome majibu. Moto ukiwepo na mafuta yakakosekana, tunashughulika na pampu, rilei, chujio, nozeli na nyaya zake. Mafuta yakiwepo na moto ukakosekana, tunashughulika na koili, umeme wake na nyaya zake. Vikikosekana vyote viwili kwa pamoja, tusitafute magonjwa mawili. Tutafute sababu moja iliyo juu yao: umeme wa kontroli boksi, mfumo wa kuzuia wizi, au sensa ya kranki, inayoiarifu kontroli boksi kwamba injini inazunguka.

Niruhusuni niifuate njia hii kwenye gari moja. Chukueni IST yenye injini ya 1NZ-FE. Limezimika ghafla kwenye foleni saa nane mchana. Starta inapiga kwa mapigo ya kawaida. Taa ya cheki injini inawaka swichi ikifunguliwa. Ufunguo ni wa asili na taa ya ufunguo haimetameti. Plagi hazitoi moto. Taa ya majaribio kwenye nozeli haimetameti. Na ukiinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma, pampu ya mafuta iko kimya.

Mtu aliyezoea kubahatisha atakimbilia pampu, kwa kuwa ameisikia iko kimya. Naona wazee wa gereji pale nyuma wanatikisa vichwa; wanaijua hadithi hii. Katika magari ya baadhi ya watengenezaji, pampu huunguruma sekunde mbili hivi mara tu unapofungua swichi. Toyota nyingi hazifanyi hivyo. Kontroli boksi huiamuru pampu baada ya kupata ishara kwamba injini inazunguka. Ishara ikikosekana, pampu nzima kabisa itakaa kimya. Kwa hiyo ukimya wa pampu, katika gari hili, ni matokeo. Vitu vitatu vimekosekana pamoja, na kinachoviunganisha ni sensa ya kranki.

Tazameni mshale wa RPM wakati starta inapiga. Ukitikisika, ishara pengine inafika. Ukilala kabisa, shuku inaongezeka. Kama una mashine ya kupimia, fungua ukurasa wa takwimu za papo hapo: ukisoma RPM sifuri huku injini inazunguka mbele ya macho yako, mzunguko wa sensa hiyo unatiliwa shaka nzito. Na bado hatujanunua kitu. Sensa hiyo imekaa chini, upande wa puli ya kranki, mahali panapokusanya tope na oili. Pimeni ukinzani wake kwa multimita, mkilinganisha na kitabu cha gari. Kisha pimeni tena kutoka upande wa kontroli boksi, ili waya wote uingie ndani ya kipimo. Jibu likiwa zuri kwenye sensa na baya kwenye kontroli boksi, ugonjwa uko kwenye waya, na sensa mpya isingesaidia. Pimeni pia ikiwa ya moto na ikiwa imepoa, kwa sababu sensa hizi zina tabia ya kukata zikichemka na kurudi zikipoa. Ndiyo maana gari linagoma barabarani saa nane, na jioni likifika gereji kwa kamba linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Neno moja juu ya mashine za kupimia. Zimekuwa rahisi kupatikana, na hilo ni jambo jema. Marekani iliyalazimisha magari mapya ya abiria kuwa na mfumo wa pamoja wa OBD-II kuanzia modeli za 1996, na leo soketi yake iko chini ya dashibodi za magari mengi tunayoyaendesha. Lakini mashine ikiandika P0335, maana yake ni kwamba mzunguko wa sensa ya kranki una kasoro. Mzunguko ni sensa, waya, soketi na kontroli boksi. Mashine imetuonyesha mtaa. Nyumba tunaitafuta wenyewe kwa multimita.

Tena, mifumo hii inazungumza yenyewe kwa yenyewe. Katika Toyota nyingi, koili hurudisha ishara kwa kontroli boksi kuthibitisha kwamba imefyatua. Kontroli boksi isipoipata, hukata mafuta ili petroli isiyowaka isiende kuchoma katalisti. Hapo kosa la moto linavaa nguo za kosa la mafuta. Fundi asiyejua hilo atabadilisha nozeli mpaka mteja aishiwe.

Hoja ya tano: moto upo, mafuta yapo, na bado haliwaki

Hali hii huwavunja moyo wengi, lakini uwanja umekwisha kupungua. Yamebaki mambo machache.

Kwanza, mafuriko ya petroli. Mteja amepiga starta mara nyingi, plagi zimelowa. Chomoa moja: ikiwa imelowa na inanuka petroli, kausha zote, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho unapopiga starta. Katika magari mengi ya nozeli, kontroli boksi huelewa ishara hiyo na kupunguza au kukata mafuta ili silinda zipumue. Starta isipigwe zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishwe, maana nayo huungua.

Pili, ubora wa mafuta. Petroli yenye maji ina presha nzuri kwenye geji lakini haiwaki. Toa kiasi kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie: maji yatazama chini na kuonyesha mstari. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa nao huifanya petroli iwe nzito kuwaka, hasa injini ikiwa baridi. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi cha mamlaka ya udhibiti, EWURA, kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta hapa Tanzania mwaka 2010, na Kenya kuongeza tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018. Kwa hiyo swali la "umejaza wapi" ni sehemu ya uchunguzi.

Tatu, kompresheni na taimingi. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga starta, andika kila silinda. Injini nyingi za petroli zenye afya huzidi psi 150. Silinda zote zikiwa chini pamoja, tazama taimingi. Injini kama 5A-FE hutumia mkanda, na mkanda unaweza kukatika au kuruka meno. Injini ya 1NZ-FE hutumia cheni, nayo ikipuuzwa oili hulegea. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini, gaskiti ya silinda hedi inashukiwa.

Nne, njia ya kutolea moshi. Katalisti iliyoyeyuka na kuziba huzuia injini kupumua, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Kuchomoa sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalisti na kujaribu kuwasha kunaweza kutoa jibu bila kununua kitu.

Nionye jambo moja hapa. Kumwaga petroli ya kopo kwenye mdomo wa hewa huku mwenzako anapiga starta ni hatari. Moto ukirudi nyuma, unakuta kopo mkononi na uso juu ya injini. Kazi hiyo ina vipimo vyake. Haihitaji mtu aungue.

Hoja ya sita: dizeli ina sheria yake

Nitapita haraka. Injini ya dizeli haina plagi za moto. Hewa inagandamizwa mpaka ichemke, na mafuta yanayonyunyizwa yanajiwasha. Kwa hiyo swali la moto linageuka kuwa swali la kompresheni na kasi ya starta. Betri dhaifu inaiumiza dizeli kuliko petroli, na plagi za kupasha joto zikifa asubuhi za Mbeya au Limuru zitasema.

Hewa ikiingia kwenye mafuta, mara nyingi baada ya kubadilisha chujio au tenki kukauka, pigeni pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, mkitoa hewa kwenye boliti yake. Katika dizeli za zamani, tazameni kifaa cha umeme kinachofungua mafuta kwenye pampu. Katika zile mpya za reli ya pamoja, kontroli boksi haitafungua nozeli kabla presha ya reli haijafika kiwango chake, na nozeli moja inayovuja kurudi nyuma inaweza kuizuia isifike. Kipimo cha mafuta yanayorudi, chupa moja kwa kila nozeli, kinamtaja mhalifu bila kubahatisha.

Hoja ya saba: kipimo kilipiwe

Ndugu zangu, nimeeleza vipimo ambavyo havihitaji utajiri. Multimita, taa ya majaribio, kipimia moto, geji ya mafuta na ya kompresheni vinaweza kukaa ndani ya mkoba mmoja. Kwa nini basi tunaendelea kubahatisha?

Naamini sababu kubwa iko kwenye namna tunavyolipana. Mteja wetu amezoea kulipia spea na kulipia mkono wa kuifunga. Fundi akitumia saa moja kupima, akagundua waya uliochubuka, akaunganisha na kufunika vizuri, mteja anasema: "Umegusa waya tu, unataka hela hiyo yote?" Fundi yule yule akibadilisha pampu nzima isiyo na kosa, analipwa bila maneno kwa sababu kuna kitu kipya kinachoonekana. Kwa utaratibu huo tunamwadhibu anayefikiri na kumzawadia anayebahatisha.

Hospitalini hatufanyi hivyo. Mtu analipia kipimo cha malaria, na kikitoka hana, hadai arudishiwe fedha, kwa kuwa anajua amenunua ukweli. Gari nalo linastahili utaratibu huo. Fundi aseme bei ya uchunguzi kabla hajaanza, mteja akubali, na mwisho apewe karatasi yenye namba: betri ilisoma ngapi, presha ya mafuta ngapi, kompresheni ya kila silinda ngapi. Karatasi hiyo inamlinda mteja, inamlinda fundi, na inamsaidia fundi anayefuata.

Kwa upande wa mafundi nasema bila kuzunguka: kufunga kipuri cha mtu bila ushahidi ni kumchukulia fedha zake. Dereva wa teksi ambaye gari limelala siku tatu amekosa mapato ya siku tatu, na pengine mkopo wa gari hilo haulali. Kubahatisha kwetu kunaingia jikoni kwake.

Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele. Magari ya haibridi yamekwisha kuingia mitaani kwetu. Prius iliuzwa Japani tangu 1997, na Aqua ilizinduliwa huko mwishoni mwa 2011. Katika magari haya starta ya kawaida haipo. Mota kubwa ya umeme inaizungusha injini mpaka karibu mizunguko 1,000 kwa dakika kabla ya kuipa mafuta. Mlio niliowafundisha kuusikiliza leo hautasikika humo. Lakini injini iliyomo ndani bado inadai hewa, mafuta, mgandamizo, moto na majira, na bado sababu moja inaweza kuzima vitu vitatu. Kijana aliyejifunza kupanga sababu atalikabili gari hilo. Aliyekariri kwamba "IST ikigoma badilisha pampu" atabaki nyuma.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe mwanafunzi multimita katika muhula wa kwanza, na mtihani wa vitendo umpe gari lenye kosa lililopandwa, apewe alama kwa mpangilio wa vipimo vyake hata kabla gari halijawaka. Wenye gereji wabandike bei ya uchunguzi ukutani, pembeni ya bei ya kubadilisha oili. Na ninyi wamiliki wa magari, fundi akiwaambia "badilisha hiki", mwulizeni kwa heshima: "Umekipimaje?" Fundi anayejua kazi yake atafurahi kujibu, na asiyejua ataanza kujifunza.

Nipo tayari kwa maswali, na wazee wa gereji ningependa muwe wa kwanza, maana mna mifano ambayo wanafunzi hawa hawataipata kitabuni.